Baba kamficha mtoto mkoani, na kila kesi inapoahirishwa yeye ndiye anayeshinda

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajizuia, mods mkitaka futeni. Nimetoka mahakamani sasa hivi. Kesi imeahirishwa tena. Safari hii mheshimiwa hakimu yuko semina. Iliyopita jalada halikuonekana. Ya kabla yake ripoti ya ustawi wa jamii haikuja. Karani anakutajia tarehe mpya huku anachati, hata uso hainui.

Kwa kifupi: mzazi mwenzangu alimchukua mwanangu wakati wa likizo, eti akawasalimie bibi na babu. Shule zikafunguliwa, mtoto harudi. Kumbe keshaandikishwa shule huko huko kwao, na baba mtu mwenyewe yupo hapa hapa Dar anakula bata, mtoto analelewa na bibi yake. Na bibi sina ugomvi, mama yule tunapendana mpaka leo na ndiye anayenipa mtoto kwenye simu kwa kujificha. Ugomvi wangu ni na mwanaume huyu, na mfumo unaombeba bila yeye kutoka jasho.

Serikali ya mtaa waliniambia ni mambo ya kifamilia, mkayamalize. Dawati la jinsia, afande akasema baba hawezi kumwiba mtoto wake mwenyewe, nenda ustawi. Ustawi wakamwita, akaja kanyoosha shati, akasaini kwamba mtoto atarudi Jumamosi. Jumamosi ikapita, na hakuna aliyemfanya kitu, maana karatasi ya ustawi si amri ya mahakama. Wakanituma baraza la usuluhishi wa ndoa. Kusuluhisha nini jamani? Mzee mmoja pale akanisomesha kwamba mkikaa pamoja miaka miwili na zaidi sheria inawadhania ni mke na mume. Sawa mzee wangu, nimekuelewa, lakini mimi sikuja kudai talaka! Hati ya baraza inayotajwa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ni ya anayeomba talaka. Anayeomba kukaa na mtoto tu anakwenda moja kwa moja Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, awe na ndoa au asiwe nayo. Haya nimeelezwa na dada mmoja msaidizi wa kisheria anayejitolea. Hakuna hata mmoja kati ya wanaolipwa mshahara aliyenitamkia.

Sasa sikilizeni kinachoniumiza kuliko hayo yote.

Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, isipokuwa mtu athibitishe vinginevyo. Lakini kifungu hicho hicho kinamtaka hakimu aangalie pia asiyumbishe maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Sheria ya Mtoto nayo inataka uangaliwe mwendelezo wa malezi, na maoni ya mtoto kama anayatoa bila kushurutishwa. Mambo mazuri kabisa, siyapingi. Ila yaweke pamoja na mahakama inayoahirisha kila siku, uone yanavyogeuka. Wakati mtoto anachukuliwa, aliyemyumbisha alikuwa ni baba. Leo kaanza shule kule, ana marafiki kule, keshashika lafudhi ya kule, kwa hiyo nikimdai naonekana mimi ndiye ninayetaka kumyumbisha. Ana miaka sita na ushee. Akitimiza saba kesi ikiwa bado "inatajwa", yaani inaitwa na kupangiwa tarehe tu bila kusikilizwa, ile kinga ya umri nayo imekwenda. Na akiulizwa mwakani anataka kukaa na nani, atamtaja bibi. Mtoto wa watu atajibu nini kingine?

Wakili wa upande wa pili analijua hili vizuri sana, ndiyo maana hana haraka. Kaweka pingamizi la awali, yaani la kuzuia kesi kabla haijasikilizwa, kwamba mahakama ya hapa haina mamlaka kwa kuwa mtoto anaishi mkoa mwingine. Hebu rudieni kusoma hapo. Mteja wake ndiye aliyempeleka huo mkoa mwingine! Pingamizi limekuja kutajwa, likaahirishwa, maombi yangu ya dharura ya kukaa na mtoto kwa muda yamekaa pembeni yanalingoja. Dharura gani inayopanga foleni?

Ripoti ya ustawi ndiyo usiseme. Ofisa wa hapa alikuja kwangu, akakagua chumba, kitanda, akauliza kipato, akaandika. Wa kule anatakiwa akamwone mtoto alipo. Nilipompigia akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, pikipiki ya ofisi haina mafuta, labda uniwezeshe." Nikimwezesha, ripoti ikija nzuri, wakili atasema nimeinunua. Nisipomwezesha hakuna ripoti. Wito wa mahakama pia niligharamia mimi kumpelekea mtu ambaye kila jioni anaonekana baa ile ile.

Kwenye kiapo kinzani, yaani majibu yake ya kiapo kwa maombi yangu, baba mtu kaandika kwamba mimi sina kipato cha uhakika. Nauza chakula cha mchana, ndiyo. Matunzo hajawahi kutoa tangu tuachane, na hela hiyo hiyo ya chakula ndiyo iliyomvalisha mtoto sare aliyoondoka nayo.

Najua watakuja wale wa "wanawake mmezidi kutunyima watoto". Kaka zangu, wapo akina baba nakaa nao benchi moja pale nje, wananyimwa hata kumwona mtoto Jumapili, na wao wanaahirishiwa kama mimi. Yule aliyemshikilia mtoto, awe mama au baba, ndiye anayefaidi ucheleweshaji. Kwa hiyo matusi yenu pelekeni uzi mwingine.

Wanasheria mliomo humu, sitaki kuambiwa "vumilia, haki yako ipo". Nataka kujua mawili. Naweza kumwomba hakimu asikilize maombi ya muda kabla ya kuamua pingamizi, au ni lazima lianze lile? Na kama kuna mtu amewahi kupata amri ya muda ya hapa ikaenda kutekelezwa mkoa mwingine, ni nani aliyeibeba: polisi, ustawi, au ulipanda basi mwenyewe na karatasi mkononi? Tarehe yangu ni mwezi ujao, mheshimiwa akirudi semina.