Pijo 504 ya marehemu baba: nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani

MwanaMikindani

Salaam aleikum wakuu. Nina Pijo 504 familia, ile ndefu ya safu tatu za viti, ya 1983. Marehemu baba alibeba nayo abiria wa Mombasa–Nairobi enzi ambazo nissan hazijajaa barabarani. Mwaka 2004 akaiegesha chini ya mwembe nyumbani, Mikindani, na injini haikuwaka tena. Tangu hapo imekuwa nyumba ya kuku. Sitanii. Juzi nimetoa mayai manane chini ya kiti cha nyuma.

Kutembea tu hakunitoshi. Nataka iwe kama siku ilipotoka kiwandani. Na nimeshaungua mara moja. Mwaka jana nilimpa fundi mmoja, simtaji, elfu sitini agonge bodi. Alinirudishia gari linang'aa kama sufuria ya harusi. Masika ya kwanza tu, rangi juu ya magurudumu ikaanza kufura kama chapati. Nilipokwenda kulalamika akanishauri ning'oe injini niweke ya Toyota, ati spea za Pijo zitanizeesha. Nembo ya simba ya mbele nayo haikurudi. Nikamuuliza iko wapi, akaniambia labda kuku wameila.

Sasa, injini iliyokaa miaka yote hiyo nianzie wapi? Rangi yake halisi nitaijuaje? Baba siku zote alisema ni nyeupe. Na vitambaa vya viti: nimepata mtu Ufaransa anaviuza, lakini bei pamoja na usafiri ni karo ya mtoto ya muhula mzima. Ninunue?

Spana13

Toyota achana nayo. Na usipige stata! Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache siku tatu, halafu jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikikataa, ongeza oili na usubiri. Ukiilazimisha kwa betri utavunja ringi za pistoni.

Uzuri wa injini ya 504 ni kwamba laina zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinakaa ndani ya maji ya kupoza injini. Zikichoka unazitoa, unaweka mpya na pistoni zake, hakuna habari ya kupeleka bloku kuchongwa. Lakini sikiliza vizuri hapa. Ukishafungua silinda hedi, usizungushe krankshafti, ule mhimili mkuu wa injini, kabla hujazibana laina kwa bolti na washa pana. Laina ikinyanyuka kidogo tu, sili ya chini imekwenda. Mimi nilifanya kosa hilo kwa gari la shemeji yangu. Nilifunga kila kitu, nikawasha, ikanguruma vizuri, nikajisifu mbele ya watu. Asubuhi nachomoa dipstiki, oili rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Nikafungua yote upya, safari hii bila watazamaji.

Jambo jingine, familia nyuma ina springi nne za koili, mbili kila upande. Usikubali kuuziwa za saluni, ile Pijo fupi ya kawaida. Nyuma ya saluni ni mfumo mwingine kabisa.

KlasikiKibokoni

Usiwaze kuagiza gari zima la kuchuna spea, sheria inayozuia kuingiza gari lililozidi miaka 8 itakukwamisha pale bandarini. Spea tafuta kwa Wanigeria: 504 ziliunganishwa Kaduna miaka mingi na mpaka leo zipo. Ukibadilisha injini au rangi, ripoti NTSA, mamlaka ya usafiri, logibuku (kitabu cha usajili wa gari) irekebishwe, usije ukasumbuliwa siku ya kuuza. Na ukimaliza, ipeleke Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, kule Ngong Racecourse, Nairobi. Majaji wanakagua mpaka chini ya gari, kwa hiyo usisafishe juu tu.

BabuWaRangi

Mwanangu, umeandika "kama ilivyotoka kiwandani". Kiwanda kipi? Gari lako halikutoka Sochaux, kiwanda cha Pijo kule Ufaransa, likiwa zima. Lilifika Kilindini vipande vipande ndani ya makasha, tukaliunganisha hapa Miritini, ukitoka kwenye mwembe wenu unafika kabla soda baridi haijapata joto. Mimi nilikuwa upande wa rangi.

Serikali ilitaka vitu vinavyopatikana nchini visije kwenye makasha. Betri, tairi, vioo, rangi, vitambaa, vingi vilikuwa vya hapa hapa Kenya. Kwa hiyo ukimlipa huyo Mfaransa wako, utakuwa umetia kitambaa kigeni kwenye gari la Mombasa halafu unaliita orijino. Geuza kiti, chini kabisa ya pindo utapata kipande ambacho jua halijakigusa. Kikate, mpelekee fundi wa viti, akutafutie kinachofanana nacho. Karo lipa.

Rangi. Nenda nyuma ya ubao wa pembeni karibu na safu ya tatu, mahali ambapo mpiga rangi mvivu hafiki. Na wapiga rangi wote ni wavivu, najua, nilikuwa mmoja wao. Chukua msasa namba 400, uloweshe, sugua taratibu duara dogo kama sarafu ya shilingi ishirini. Zitatokea pete, rangi ndani ya rangi. Ile iliyokalia praima, rangi ya kwanza kwenye bati, ya kijivu ndiyo tuliyoipiga sisi.

Kutu ndiyo kazi yenyewe. Mtaani wanasema Pijo zinaoza. Pijo haina kosa, ni chumvi. Gari lililokuwa likivuka Likoni wakati wa bamvua, likashuka ferini likikanyaga maji, halafu lisioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ulitegemee nini? Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwenye kitambaa, pitisha bodi nzima. Penye bati itanata, penye fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, itaanguka. Pita chini ya milango, matao ya magurudumu, sakafu chini ya kapeti. Kisha fungua boneti utazame pale shoku za mbele zinapofungwa juu. Hapo pakiwa pameoza usiliendeshe hata mpaka dukani. Penye kutu pakatwe mpaka bati zima, pachomelewe bati jipya. Fila juu ya kutu ndizo zile chapati zako.

Na usipige rangi masika. Subiri kaskazi, uanze asubuhi kabla upepo haujaamsha vumbi.

MwanaMikindani

Mzee wangu, Mungu akuweke. Kitambaa cha Ufaransa nimeachana nacho.

Jana nimefanya ulivyosema. Sumaku ilianguka mahali saba, na hapo ni upande wa kushoto peke yake. Kwenye shoku pako salama, nimepagonga na nyundo ndogo, panalia.

Halafu nikasugua. Ikatoka nyeupe ya yule fundi, chini yake nyeupe nyingine iliyogeuka kama krimu, na chini ya hiyo buluu! Buluu hafifu, kama mashua iliyokaa juani, na baada yake kijivu. Nikasema labda nimekosea, nikasugua upande wa pili. Buluu tena.

Mama alikuwa amenishikia taa. Akacheka mpaka taa ikatikisika. Kumbe baba aliinunua ya buluu, akaipaka nyeupe wiki ya harusi yao kwa sababu alisema bibi harusi hapandi gari lenye rangi ya mlango wa duka. Logibuku nayo inasema nyeupe. Nimemuuliza mama tuirudishe buluu? Ameingia ndani bila kunijibu, na chai ya jioni sikuletewa.

BabuWaRangi

Buluu hiyo naijua, nimeivuta puani miaka mingi. Usisugue zaidi. Jumamosi baada ya alasiri nakuja niione, nizungumze na mamako pia. Kuku watolewe mapema.