MJADALA: Kampuni ikiitelekeza gemu, injini yake iwe ya nani?

Kifaru Mwekundu (mleta mada):
Wakuu, salamu. Tangu kampeni ya kupinga kuzimwa kwa gemu ivuke sahihi milioni moja Umoja wa Ulaya, Julai 2025, kila mtu anazungumzia seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu za mtandaoni. Mimi nataka tuongelee injini, ile programu inayobeba ramani, inayowatafutia askari njia na kuamua risasi imempata nani. Hoja yangu ni fupi: kampuni ikishaacha kuiuza na kuihudumia gemu, sheria iilazimishe kuachia msimbo wa injini, yaani maandishi ya waprogramu yanayoiunda.

Chukueni Warzone 2100, gemu ya mikakati ya vita. Ilitoka 1999, kazi ya Pumpkin Studios ya Uingereza, mchapishaji Eidos. Ardhi yake ilikuwa ya pande tatu, kamera unaizungusha utakavyo, na kifaru unakiunda mwenyewe: unachagua bodi, unachagua kama kitatembea kwa magurudumu au minyororo au kitaelea, halafu unakipachika silaha. Mwaka uliofuata Eidos wakaacha kuihudumia, studio ikavunjika. Mashabiki wakang'ang'ana kuomba mpaka Desemba 2004 msimbo ukatoka kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Video na muziki havikuwemo, na utata wa leseni haukuisha hadi 2008. Hata hivyo gemu iko hai, ni bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na mwaka 2021 ilifika toleo la 4.0.

Sasa watazameni wale wa FreeCraft, mradi wa mashabiki. Hawakupewa kitu. Walianza 1998 kuandika injini yao wenyewe, yenye uwezo wa kutumia picha na sauti za Warcraft II kutoka kwenye CD uliyoinunua kwa pesa yako. Juni 2003 Blizzard, wenye Warcraft, wakawatumia barua ya kisheria: jina linafanana na majina ya gemu zetu, na mawazo ya mchezo pia. Mradi ukafungwa, wenyewe wakajipanga upya kwa jina la Stratagus. Yaani aliyetoka jasho anafukuzwa, na aliyekaa kuomba anapewa siku mwenye mali akijisikia.

Karani wa Leseni:
Mleta mada, "iilazimishe" ni rahisi kuandika. Injini nyingi si za mtu mmoja. EA walipoachia msimbo wa Command & Conquer: Generals, Februari 2025, tena kwa hiari yao, haukuweza kugeuzwa gemu inayochezeka hivi hivi. Sauti zilitegemea Miles, video Bink, na kucheza mtandaoni GameSpy. Hizo ni mali za wengine, zikabaki nje. Ukitaka kuijenga, uzitafute au uweke mbadala. Sheria ikimwamuru mtu atoe alichoazima kwa jirani, kesi ataibeba nani?

Halafu, nani anapima kwamba gemu imetelekezwa? Age of Empires II haikupata nyongeza rasmi kati ya 2000 na 2013, na Ensemble Studios walioiunda walifungwa 2009. Kwa kipimo cha watu wenye haraka, hiyo ilikuwa maiti. Lakini injini yake, Genie, iliyoanza kazi 1997, ndiyo ile ile iliyomo ndani ya toleo jipya la 2019. Mngewanyang'anya mwaka 2010, nani angeweka pesa kuifufua?

Chipukizi:
Kwani msimbo wa nini? Mashabiki wa OpenRA wameandika injini yao tangu 2007 na Red Alert, gemu ya zamani ya ukoo wa Command & Conquer, inapigwa mtandaoni kila siku. Acheni kulialia, andikeni.

Mama Seva:
Mdogo wangu Chipukizi, ngoja kwanza. Gemu nyingi za mikakati za zama zile hazitumi mtandaoni mahali alipo kila askari. Askari ni mamia, na intaneti ya laini ya simu isingeweza. Kila kompyuta inaendesha vita nzima peke yake, kinachosafiri ni amri tu: "hawa kumi waende pale". Kwa hiyo hesabu lazima zilingane mpaka tarakimu ya mwisho. Kompyuta moja ikikadiria tofauti kidogo, kwako kifaru kimepona, kwangu kimelipuka, na kuanzia hapo kila mmoja anapigana vita yake bila kujua. Tabia zote za gemu zimekaa humo, kwenye hesabu ndogo ndogo ambazo huzioni ukitazama skrini. OpenRA ni nzuri sana, naicheza, lakini wenyewe hawafichi kwamba wamebadilisha uwiano wa nguvu na kuongeza ukungu wa vita, ule unaokuficha maeneo ambayo askari wako hawayaoni. Ni Red Alert nyingine.

Karani, kuhusu Bink na wenzake: sheria iseme "toa ulichoandika wewe". Pengo libaki pengo. Mashabiki wameziba makubwa kuliko hayo.

Karani wa Leseni:
Sawa, dada. Na kama alichoandika hakipo? Mwaka 2017 diski ya msimbo wa StarCraft, gemu nyingine ya Blizzard, ilikutwa kwenye boksi la vitu ambavyo mtu alinunua mtandaoni. Akairudisha Blizzard. Kama kampuni kubwa namna ile diski yake inazurura mitaani, studio ya watu kumi iliyofilisika utaidai nini? Pumpkin ilikufa, ila haki zilibaki Eidos, ndiyo maana kulikuwa na mlango wa kubisha.

Kifaru Mwekundu:
Basi msimbo uwekwe amana siku ile gemu inaingia sokoni, kama vitabu vinavyopelekwa maktaba ya taifa. Kabati lifunguliwe gemu ikikaa miaka 10 haiuzwi wala haiguswi.

Karani wa Leseni:
Kumi ni kidogo, wale wa Genie nimeshakuonyesha walikaa 13 bila nyongeza. Sema 20 nitakuunga mkono. Na andika pia nani analipia hilo kabati.