Fomu ya kazini inataka nitaje dawa ninazotumia. Niandike ukweli?

Zamu_ya_Alfajiri:
Wadau, naombeni mawazo. Wa kunipa pole mpite tu, pole ninazo za kutosha.

Nipo kiwanda cha mikate mwaka wa nne sasa, upande wa tanuri. Lithiamu nameza mwaka wa sita, baada ya kulazwa mara mbili kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Tangu nianze dawa sijalazwa tena. Kazini hakuna anayejua.

Shida ilianzia kwenye vipimo. Kila miezi mitatu napimwa kiwango cha dawa kwenye damu, na damu inatolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Nameza saa mbili usiku, kwa hiyo saa mbili asubuhi niwe maabara, muda ambao wenzangu wako katikati ya zamu. Nimeshasingizia jino, nimesingizia mtoto, na shangazi yangu nimemzika mara mbili.

Sasa msimamizi mpya kaleta fomu: "Taja dawa zote unazotumia kwa muda mrefu." Chini unaweka sahihi kwamba yote ni kweli. Mwisho Ijumaa.

Kinachonitisha si kufukuzwa. Kuna mwenzetu kitengo cha kufungasha ilijulikana aliwahi kulazwa wodi ya magonjwa ya akili. Siku hizi akipandisha sauti kidogo tu, mtu anasema "leo hajameza", watu wanacheka. Na mimi nilicheka nao.

Mikono yangu hutetemeka kidogo asubuhi, ni maudhi ya dawa. Wanadhani nakunywa pombe. Sijawahi kukanusha, nilijiambia bora waniite mlevi.

Niandike, niache wazi, au niseme hakuna?

Kufuli_la_Shaba:
Andika HAKUNA, maisha yaendelee. Mwili wako, dawa zako. Wakishajua hawasahau.

Bawaba:
Mkuu hapo juu, mimi niliandika hakuna. Natumia dawa za kifafa. Mwaka mzima kimya, halafu nikaruka dozi siku mbili kwa uzembe wangu mwenyewe, nikaanguka ghalani mbele ya watu. Barua ya kuachishwa haikutaja kifafa hata mstari mmoja. Ilitaja ile sahihi. Ningekuwa nimeacha wazi, angalau ningekuwa na la kujitetea.

Nesi_wa_Zamani:
Mdogo wangu, nimekaa zahanati za viwandani miaka mingi, naomba nikuulize mambo mawili kwanza. Hapo kwenye tanuri unakunywa maji kiasi gani? Na mtu akiumwa kichwa au mgongo kazini, anapewa dawa gani na nani?

Nauliza kwa sababu lithiamu ni chumvi. Ukitoka jasho jingi ukapungukiwa maji na chumvi mwilini, figo zinaing'ang'ania badala ya kuitoa, kiwango kinapanda. Ibuprofeni na diklofenaki zinafanya hivyo hivyo. Ikizidi, utaona kutapika, kuharisha, mikono kutetemeka kwa nguvu, kuyumba, ulimi mzito. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwako.

Kuhusu fomu: usidanganye, lakini jina la ugonjwa si lazima lifike mezani kwa msimamizi. Miongozo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1997 kuhusu taarifa binafsi za wafanyakazi inasema mwajiri apewe hitimisho tu: anafaa kwa kazi hii au hafai, na kwa masharti gani. Sheria za nchi zinatofautiana, isome ya kwako. Mwombe daktari wako barua fupi: anafaa kwa kazi, awe na maji karibu, apewe asubuhi moja kila miezi mitatu, asipewe dawa za maumivu bila kuuliza. Kwenye fomu andika "nipo chini ya uangalizi wa daktari, maelezo atapewa nesi wa kiwanda."

Ila kama unashika mashine ya kukata na mikono inatetemeka, hilo si la kuchagua. Nesi lazima ajue.

Zamu_ya_Alfajiri:
Nesi, umenikalisha chini. Sanduku la dawa liko kwa msimamizi na limejaa diklofenaki. Mwezi uliopita mgongo ulinisumbua, akanipa za siku nne. Wiki hiyo nilitapika na kikombe cha chai kilinishinda kushika. Nikasema ni chakula.

Mashine ya kukata sishiki, kazi yangu ni trei na moto. Fomu nimeuliza: zinakaa kwenye droo ya msimamizi, pamoja na funguo za stoo. Kila anayetaka ufunguo anafungua.

Kufuli_la_Shaba:
Droo ya funguo? Basi nafuta HAKUNA yangu. Nenda kwa nesi.

Bawaba:
Barua toa nakala, halisi baki nayo. Mimi sikuwa na karatasi hata moja.

Zamu_ya_Alfajiri:
Mrejesho. Nesi wa kiwandani nimemwambia yote, pamoja na jina la dawa. Hakushtuka, aliniuliza tu mara ya mwisho nilipima lini, akaandika kwenye daftari lake analofungia kabatini. Fomu nimejaza vile mlivyosema. Msimamizi kaisoma, kanitazama, kauliza, "Ni sukari?" Nikamwambia nesi ana maelezo. Kanyamaza kidogo, halafu kaniuliza asubuhi hiyo ya vipimo ni siku gani ili apange mtu wa tanuri.

Yule wa kufungasha bado wanamcheka. Jana sikucheka, lakini pia sikusema kitu, na hilo bado linanikera.

Jumatano naenda maabara. Safari hii shangazi yuko hai.