Barua ya mtaa: niandikiwe Unga Ltd au Njiro kwa shangazi?

Binti_wa_Korongoni aliuliza:

Habari za jioni, na shikamooni mnaostahili. Nina miaka 24, nimezaliwa na kukulia mtaa wa Unga Ltd hapa Arusha. Nina cheti cha hoteli na miezi mitatu ya mafunzo ya vitendo kwenye loji moja njia ya Karatu, jina silitaji.

Mwezi uliopita niliitwa usaili wa mapokezi. Tulikuwa wasichana wanne kwenye benchi. Meneja, Mtanzania mwenzetu, alianza vizuri tu. Kiingereza changu akakisifu, akaniuliza mgeni akigoma kulipa bili ya vinywaji namfanyaje, nikajibu. Halafu: "Unakaa wapi?" Nikasema Unga Ltd. Kalamu ikasimama. "Unga Ltd hii hii?" Kana kwamba ziko mbili. Akauliza zamu ya usiku ikiisha nitafikaje huko, na kama nyumbani nina kaka. Nikajibu ninao wawili, kwa furaha kabisa, nikidhani anataka kujua nani atanipokea. Nimeshapanda kifodi ndipo akili ikanijia: alikuwa anauliza kama kwetu kuna mwizi.

Kabla sijatoka akasema, "Hebu cheka kidogo." Nikacheka. Akayaangalia meno yangu, ya kahawia kama ya watoto wote niliokua nao, akaandika kitu kwenye karatasi.

Aliyepata nafasi anatoka Njiro, kwa wenye uwezo. Sina kinyongo naye, tulisoma darasa moja, na hesabu za bili nilikuwa namfundisha mimi.

Sasa nimeitwa kwingine. Wanataka kitambulisho cha taifa, wadhamini wawili na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Kwa mdomo ningeweza kubabaisha, lakini barua ina mhuri wenye jina la mtaa. Shangazi yuko Njiro, anasema mwenyekiti wake ataniandikia bila shida. Mama amenuna tangu juzi. Hasemi neno, anapekecha mboga tu mpaka sufuria inalia.

Nifanyeje? Na hii kitu inaitwaje? Kule loji kulikuwa na wasichana wa kizungu wa kujitolea, umri wangu, kutandika kitanda hawajui. Wao walikula barazani na wageni, sisi makande nyuma ya jiko, tumesimama. Hiyo jina lake nalijua. Lakini aliyeniuliza habari za kaka ni mweusi kama mimi.

Chalii_wa_Boda alijibu:

Dada chukua ya Njiro, mama ataacha kununa akiona mshahara. Mimi nakaa Sombetini, saa tano usiku abiria akiniambia Unga nampandishia bei mara mbili, na bibi yangu mzaa mama anakaa huko huko. Nimefikiria nilipokuwa nasoma swali lako nikacheka peke yangu hapa kijiweni. Bibi mwenyewe nampeleka bure lakini.

Mpima_Mstaafu alijibu:

Marahaba binti. Nimepima viwanja zaidi ya miaka thelathini, sasa nafuga kuku Tengeru. Swali lako la pili ndilo limenifanya nikatafute miwani.

Mwingereza alipopanga miji ya Tanganyika alikuwa na mafungu matatu, na Mjerumani kabla yake mawazo yalikuwa hayo hayo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Majina haya bado tunayatumia, wengine wanadhani ni utani wa mtaani. Uzunguni kiwanja kikubwa, nyumba katikati, bustani pande zote. Uhindini duka mbele, familia nyuma au juu. Uswahilini vijiwanja vya kubanana na maji ya bomba la pamoja. Dar es Salaam waliacha hata uwanja wazi katikati, ndiyo Mnazi Mmoja, kutenga Waafrika wa Kariakoo na wengine. Sababu waliyokuwa wanaitoa ni afya, eti malaria isivuke. Mpishi na yaya walivuka kila alfajiri, hao hawakuonekana wana mbu.

Uhuru ulipokuja majina ya rangi yakafutwa kwenye makaratasi, kama ilivyostahili. Yakaandikwa ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa, yaani wingi wa nyumba kwenye eneo. Nilipoanza kazi mzee mmoja aliyenifundisha alitandaza ramani ya zamani na mpya juu ya meza moja, akapitisha kidole. Mstari ulikuwa ule ule. Akanikunjia ramani, hakusema kitu, tukaenda kunywa chai.

Angalia na mteremko. Mito yetu inashuka kutoka Meru kwenda kusini. Walioishi juu waliyapata maji yakiwa maji. Ninyi wa chini mnayapata yamekwisha kuosha mji mzima, na mvua za masika zikija yanaingia hadi chini ya kitanda. Wewe umejiita wa Korongoni, sina haja ya kukueleza.

Watu husema mwaka 1971 mambo yaligeuzwa. Ni kweli ilitungwa sheria, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa, wengi wa wenyewe wakiwa Watanzania wa asili ya Asia. Zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Walioteseka waliteseka, nilimwona mwenye duka mmoja akilipa kodi ya chumba alichozaliwa. Lakini funguo zilikwenda kwa nani? Nilioona mimi wakizipata ni watu wa maofisini na waliomjua mtu. Kuli wa kiwandani alibaki alipokuwa.

Halafu ikaja hapa Arusha mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mwaka 1995. Wageni wa Umoja wa Mataifa wakatafuta nyumba, kodi zikaanza kutajwa kwa dola. Rafiki yangu mwalimu alikuwa amepanga Kijenge miaka tisa, akapewa mwezi mmoja. Alihamia chini, karibu na kwenu. Mahakama ilifungwa 2015, yeye hakupanda tena.

Kwa hiyo huyo meneja hahitaji kuwa na rangi nyingine. Ramani aliikuta.

Mzalendo_Sakina alijibu:

Mzee heshima yako, lakini wakoloni tutawasingizia mpaka lini? Uhuru una miaka zaidi ya sitini. Unga kuna vibaka, tusifichane, mimi simu yangu ilichukuliwa mchana kweupe pale darajani. Mwajiri ana mali za wageni mle ndani, kuuliza si dhambi. Na binti ukitaka kufuta sifa mbaya ya mtaa, anzeni na hao vijana wenu.

Mpima_Mstaafu alijibu:

Pole ya simu. Ila aliyeichukua hakuwa huyu binti, na yeye ndiye anayeilipa.

Mdau_wa_Mipango alijibu:

Mzee amenikumbusha somo la chuoni. Marekani miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, na mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu, maana yake hatari, usikopeshe. Ilikatazwa kwa sheria mwaka 1968, lakini tembea upande wa kusini wa Chicago leo uone. Nyumba ambayo haikukopesheka baba yako hakuweza kuikarabati, na wewe hukurithi cha kuuza.

Hapa kwetu hakuna aliyeshika kalamu nyekundu, ila nenda benki na nyumba isiyo na hati. Watakupa kiti na maji ya kunywa, halafu basi.

Muuguzi_UsaRiver alijibu:

Mimi nina la meno tu, maana limeniuma. Ile ni floridi, madini yanayoingia kwenye maji kutoka miamba ya volkano ya Meru. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, yanatoka yameshabadilika. Si uchafu wala si uzembe wa mswaki, kwa hiyo usisugue kwa mkaa wala limao, utaondoa kinga iliyobaki. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, sisi kwa miaka mingi tuliruhusu 4. Pale Ngurdoto kuna kituo wanachochuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na ndoo za chujio zipo. Ukipata mtoto, anza na hilo.

Mwenye uwezo aliwanunulia wanawe maji ya chupa. Kwa hiyo meneja alipokuambia ucheke alikuwa anauliza lile swali la "unakaa wapi" kwa mara ya pili.

Mama_Msosi_Moshi alijibu:

Mwanangu, huku Moshi tuna kichekesho chetu: mtaa wa wakubwa, wenye mijakaranda na mageti, unaitwa Shanty Town. Mgeni akisikia anashika pochi, kumbe pochi ashike kwingine.

Nasema kama mwajiri. Napika sherehe, harusi na vipaimara. Miaka minne iliyopita nilimchukua kijana kutoka Njoro ya huku Moshi, mtaa wenye sifa kama ya kwenu, mkono wake kwenye pilau sijaona mwingine. Lakini vijiko nilikuwa nahesabu yeye akiwepo, wenzake siwahesabii. Siku moja baada ya harusi vikapungua vijiko kumi na viwili. Sikumwita mwizi, nilimwambia tu "pumzika kidogo mpaka nikuite". Wa Njoro ni yeye peke yake, nani mwingine? Wiki ileile mwenye nguruwe anayechukua mabaki yetu akaja na mfuko, vijiko vyote ndani, vilimwagwa pamoja na maganda ya ndizi. Aliyeosha siku hiyo alikuwa mpwa wangu.

Nilimpigia. Alipokea, akasema asante mama nimeshapata shughuli nyingine. Sasa anakaanga chipsi Kiboriloni. Nikipita ananisalimia vizuri kabisa, mimi ndiye ninayeangalia barabara.

Sikuambii upeleke barua ipi. Ya Njiro ikigundulika watasema wa Unga ni waongo pia. Ya kwenu wanaweza kuitupa bila kuisoma mstari wa pili. Ila kama unaweza, mdhamini mmoja awe yule aliyekusimamia loji, aandike kwa mkono wake kwamba ulishika funguo au fedha na hazikupungua. Mtu kama mimi hiyo ndiyo ingenitia aibu mapema.

Chalii_wa_Boda alijibu:

Mama wa Moshi umenimaliza. Nashusha bei ya Unga, lakini si baada ya saa sita.

Binti_wa_Korongoni alijibu (baada ya siku nne):

Asanteni wote. Mzee shikamoo tena, nimemsomea mama habari ya ramani, akasema babu alikuja Unga kufanya kazi kwenye hicho hicho kiwanda cha unga kilichoupa mtaa jina, na chumba alichopewa kilikuwa chembamba, miguu inagusa mlango. Sikuwahi kumsikia akisimulia hilo.

Nimepeleka ya kwetu. Si ujasiri, shangazi alisafiri kwenda Singida na siku zikaisha. Msimamizi wangu wa loji aliandika nusu ukurasa, kataja na funguo za stoo.

Dada wa mapokezi alipokea bahasha, akaifungua kuhakiki kama vyote vimo. Akafika kwenye mhuri. Akaangalia nyuma kama kuna mtu, akaniuliza taratibu, "Unga upande gani?" Nikamwambia. Akasema, "Sisi tuko nyuma ya msikiti. Ila hapa wanajua nakaa Njiro."

Barua akaiweka chini kabisa, cheti juu. Majibu Jumatatu.