Ukoo wa Majengo 🌙: kikao cha Jumamosi

JUMATANO

[18:52] Zuhura: Assalam alaikum wote. Nakumbusha kwa mara ya tatu. Yule binti anayekusanya habari za wapagazi wa zamani anakuja Jumamosi saa nne asubuhi kwa Shangazi Tatu na Jumapili anaondoka, hakuna kuahirisha. Chakula ni 500 kila mtu, tumeni kwa namba yangu ile ile. Sanduku la bati na ile picha vifike Nairobi kabla Ijumaa usiku, Hamisi unasikia. Na tukubaliane LEO babu alibeba nini kwenye ile safari ya kuwinda ya Roosevelt, sitaki mgeni akae pale kila mtu anasema lake kama ilivyokuwa matanga ya Ami Sudi

[18:53] Salim: 500 ya pilau ama ya biriani

[18:53] Zuhura: Salim nimesema tukubaliane babu alibeba nini

[18:54] Salim: mi nauliza mimi nitabeba nini tumboni

[19:41] Zuhura: Watu 31 wamesoma, aliyejibu ni Salim peke yake. Mungu anawaona

[19:58] Mwalimu Rama: Wa alaikum salaam. Msimamo wangu mnaujua. Babu alibeba VITABU. Roosevelt alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, hata miezi miwili haijaisha tangu atoke urais wa Marekani, akapanda treni amekaa kwenye benchi mbele kabisa ya injini ili aone wanyama, mpaka stesheni ya Kapiti ambako wapagazi walikuwa wameshapanga mahema wanamngoja. Kwenye mizigo yake kulikuwa na sanduku la vitabu karibu 60 amevijaladi kwa ngozi ya nguruwe visioze kwa jasho na mvua, na hilo sanduku lilikuwa mzigo wa mtu MMOJA. Marehemu baba alinieleza huyo mtu ni babu. Ndio maana upande wetu tumetoka walimu wanne

[19:59] Salim: ngozi ya NINI mwalimu

[19:59] Salim: babu huyu huyu wa msikiti wa Pumwani amebeba nguruwe kichwani toka Kapiti 😂😂😂

[20:00] Nuru: 😂😂😂😂

[20:00] Kassim: Mwalimu futa haraka kabla imamu hajaona

[20:02] Mwalimu Rama: Ilikuwa ndani ya sanduku. Mna utoto sana

[20:05] Mariam Kisauni: Vitabu gani Rama, babu alikuwa mbeba bunduki. Picha tumeikuta tangu tuko wadogo, kifaru amelala chini, wazungu wamekaa mbele, nyuma yao babu amesimama na bunduki ya watu wazima. Baba yangu alikuwa anamgusa kwa kidole anasema huyu ndiye mzee. Wabeba bunduki ndio waliokuwa watu, wanakula vizuri, mshahara mkubwa, simba akija wewe ndio uko kando ya mzungu na ukikimbia jina lako limekwisha

[20:11] Mwalimu Rama: Mariam dada yangu, wabeba bunduki wa safari ile majina yao yapo, Roosevelt mwenyewe aliyaandika. Yeye alikuwa na Bakari, mwanawe Kermit alikuwa na Juma Yohari na Kassitura. Babu yetu hayumo

[20:12] Mariam Kisauni: Na wa vitabu jina lake lipo?

[20:26] Mwalimu Rama: Hilo ni suala lingine

[20:27] Salim: 🤣🤣 ameuliza swali moja tu

[20:30] Zuhura: Basi kura. Bunduki weka 👍 vitabu weka ❤️. Tumalize hii leo

[20:31] Salim: 🍗

[20:33] Kassim: Ila jamani mbona mnajivunia hii kitu. Yeye na mwanawe peke yao waliangusha wanyama 512, simba 17 ndani yake, eti ni wa makumbusho. Leseni ilikuwa pauni 50, nani kati ya babu zetu angezipata hizo. Mkamba akiua swala na mshale wake kwa shamba lake ni mjangili anafungwa, mzungu akiua tembo anapigwa picha na mguu juu yake. Huyo binti aandike HIYO

[20:34] Zuhura: Kassim siasa peleka kule kwa kikundi chenu

[20:36] Kassim: Sio siasa anti ni historia. Hii nchi kuwinda kumepigwa marufuku 1977, juzi tu, baada ya wao kushiba

[20:37] Salim: wakishiba. hapo ndio nataka kujua, ni kweli wapagazi walimwita Bwana Tumbo??

[20:39] Mwalimu Rama: Mbele yake Bwana Mkubwa. Nyuma yake ndio hilo. Kermit walimwita Bwana Maridadi

[20:39] Salim: basi Mjomba Hamisi tumempata jina leo 🙌 Bwana Tumbo wa Kisauni

[20:40] Nuru: Salim utachapwa

[20:40] Salim: na mimi ni Bwana Maridadi msiulize

[20:44] Zuhura: Hamisi. Sanduku

[20:44] Zuhura: @Hamisi

[21:20] Zuhura: Hamisi uko mtandaoni nakuona

[21:32] Hamisi: Nilikuwa naswali. Sanduku lipo. Basi la usiku kupeleka mzigo sio bure, hiyo 500 itoke kwa michango

[21:33] Zuhura: Michango yenyewe imeingia 1,000 jumla, na 500 ni yangu

[21:38] Mariam Kisauni: Atume na kile alichokata 2007 pia

[21:39] Hamisi: Mariam tuliongea hii tukaimaliza mbele ya wazee

[21:41] Mariam Kisauni: Mliimaliza nyinyi. Mimi nilikuwa Jeddah. Picha ya ukoo mzima unaichukua bila kuuliza mtu unaipeleka kwa fundi fremu, fremu haitoshi, badala ya kununua fremu kubwa mnakata PICHA. Ya miaka mia. Na mkasi. Ili mwokoe shilingi mia mbili

[21:43] Hamisi: Kulikatwa ukingo, vichaka tu na uchafu wa mchwa. Wazungu wote wapo, kifaru yupo, babu yupo na bunduki yake. Kuna nini kilichopotea?? Ingebaki kwenu ingeliwa yote na mchwa kama ile hati ya nyumba ya Majengo

[21:43] Mariam Kisauni: Usianze nyumba

[21:44] Mariam Kisauni: Hamisi usianze nyumba wallahi

[21:44] Zuhura: HAKUNA NYUMBA HAPA. Jumamosi. Sanduku. 500

[21:47] Nuru: Hii hapa nilipiga na simu Idi ile tuliyoenda Mombasa, kwa wale hawajaiona 📷

[21:49] Salim: swali la kitoto. hapa mwisho kulia karibu na fremu kuna goti. hili goti ni la nani

[21:50] Salim: sichekeshi. kuna goti na nusu ya gunia

[21:51] Hamisi: Ni kivuli

[21:51] Salim: kivuli kina vidole vya miguu mjomba

[22:15] Ujumbe huu umefutwa

ALHAMISI

[06:10] Zuhura: Asubuhi njema. Kura: bunduki 6, vitabu 3, kuku 1. Tunasema bunduki. Rama samahani, demokrasia

[06:48] Mwalimu Rama: Historia haipigiwi kura

[07:02] Mzee Abdalla: Salaam. Kuna mtu anajua maji yatarudi lini huku Shauri Moyo

[07:03] Zuhura: Ami hiki sio kikundi cha maji, ni kile kingine

[09:30] Nuru: Habari zenu. Nimemsomea Bibi ujumbe wote wa jana maana alisikia simu yangu inalia usiku kucha akauliza mnagombania nini. Amesema niandike anavyosema nisiongeze nisipunguze. Nipeni dakika

[09:31] Salim: wote?? hata ya nguruwe?

[09:31] Nuru: Hata ya kuku

[09:52] Nuru: BIBI TATU ANASEMA. Hamjambo wanangu. Zuhura usimwambie mgeni bunduki. Rama usimwambie vitabu. Baba yangu alibeba chumvi. Wale wazungu walileta chumvi nyingi ya kupaka ngozi za wanyama zisioze mpaka zifike kwao, na baba alikuwa kwenye watu wa chumvi. Mzigo ratili sitini kichwani, juani chumvi inachuna ngozi ya shingo, mvua ikinyesha inayeyuka inashuka mle mle palipochunika. Ikilowa nyapara anahesabu viboko. Walipewa blanketi na sweta na chupa ya maji, blanketi wengi walifunikia chumvi. Mimi nimezaliwa mwaka ule mtaa wa Pangani hapa Nairobi unavunjwa, yeye alikuwa mtu mzima sana, nimemwosha mgongo mimi na mama, hapa kisogoni palikuwa pagumu kama kisigino. Alipozeeka akili zikaanza kumtoka, mvua ikigonga mabati usiku anaamka anapapasa mlango, anauliza, chumvi imefunikwa? Mama anamjibu imefunikwa, lala. Baba zenu walikuwa wanaume, walitaka baba aliyeshika bunduki, sikuwalaumu. Walikuwa wameshafika shule wanachekwa. Mdogo wake alichukuliwa Kariakoo, jeshi la wapagazi, vita vya Mjerumani hakurudi, na huyo pia hakuna mtu aliyemwuliza amebeba nini

[09:53] Nuru: Bado anaendelea ngojeni

[09:58] Nuru: Anasema. Kwenye picha, yule wa bunduki hata jina lake simjui. Si baba yangu. Baba yangu amekaa mwisho kabisa upande wa kulia, juu ya gunia, ameangalia pembeni, hakuangalia mashine ya picha. Mama alinionyesha. Hamisi, hapo ndipo ulipokata

[10:40] Zuhura: Shangazi tumesikia

[10:52] Kassim: 🤲

[11:05] Mariam Kisauni: Sina la kusema

[11:30] Mwalimu Rama: Shikamoo Shangazi. Chumvi ya safari ile ilikuwa tani nne, hilo nalijua siku zote na nimelifundisha darasani. Sikuwahi kufikiria

[11:34] Salim: tani nne kwa ratili 60 ni zaidi ya mizigo 130. ya chumvi peke yake

[11:36] Mwalimu Rama: Nyingine ilibebwa na magari ya ng'ombe. Lakini ndio

[13:02] Zuhura: Haya. Mgeni anaambiwa chumvi. Sasa lile la muhimu. Hamisi, kile kipande mlichokata kilikwenda wapi

[13:40] Zuhura: @Hamisi

[15:15] Zuhura: Kaka nimepiga simu mara nne

[15:16] Salim: mjomba hatukasiriki. ile ya Bwana Tumbo nimeiondoa

[17:49] Hamisi: Nilikuwa kwa yule fundi fremu. Alishafariki, duka sasa ni la simu. Mwanawe anasema kuna katoni za baba yake ziko kwa mama yake Mtwapa

[17:50] Mariam Kisauni: Miaka yote hiyo Hamisi

[17:51] Hamisi: Najua ni miaka mingapi Mariam

[17:58] Mariam Kisauni: Nitakwenda na wewe Mtwapa. Kesho baada ya adhuhuri. Gari unalo?

[18:20] Hamisi: Gari liko gereji

[18:21] Zuhura: Na sanduku linapanda basi la saa ngapi kama nyinyi mko Mtwapa?? Mgeni ni JUMAMOSI saa nne

[18:25] Nuru: Bibi anauliza kama picha haifiki yeye atamwonyesha mgeni nini. Alafu anasema asiletewe pilau kavu kama mwaka jana

[18:26] Salim: hiyo sasa ni amri

[18:31] Zuhura: Michango ni 2,500. Watu 31. Pilau itakuwa kavu hata ukilia

[18:33] Kassim: Tumuombe mgeni asogeze iwe Jumapili asubuhi kabla hajaondoka?

[18:34] Zuhura: Nimesema hakuna kuahirisha

[18:50] Zuhura: Nitamuuliza

[21:14] Hamisi: Shangazi Tatu, Nuru msomee. Lile goti halijakatwa. Nimetoa picha kwenye fremu nimeangalia, liko, na vidole vya mkono mmoja juu ya gunia. Nimefunga kwa kitambaa

[21:15] Nuru: Amelala. Nitamsomea asubuhi

[23:47] Fatu Doha: Jamani samahani nilikuwa shifti nimeona ujumbe 94. Ni Jumamosi hii ama ijayo? Na mimi nimepiga kura ya bunduki bado inahesabika?