Mathenge uani: je, maganda yake yanaliwa na binadamu, na je, kuyatumia ni kuulinda mti?

Mkazi wa Marigat

Salamu kwenu nyote. Ninaishi karibu na Marigat, kaunti ya Baringo, na katika ua wa nyumba tuliyohamia mwaka huu kuna miti miwili mikubwa ya mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa huku, ambayo hakuna aliyeipanda. Msimu huu imezaa sana, maganda ya manjano yananing'inia kila tawi, na watoto wameanza kuyatafuna kwa sababu ni matamu. Mama mkwe anawakataza, akisema kwamba mti uliowaacha mbuzi bila meno hauwezi kuwa chakula cha mtoto. Jirani yangu naye ananieleza kwamba aliwahi kuhudhuria mafunzo ambako unga wa maganda hayo ulichanganywa na unga wa ngano, zikapikwa chapati, na watu wakala wakashiba bila kudhurika.

Ningependa kujua kwanza kama maganda haya ni salama kweli, na kama ni salama, namna ya kuyachuma na kuyatayarisha. Pili, tunafuga mbuzi wachache ambao huyaokota yanapoanguka, na sijui kama niwazuie. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, naona miche ikichipuka hadi kwenye shamba la mboga nyuma ya nyumba. Sitaki kuwa mtu anayeufurahia mti huu huku ukimfukuza jirani yake shambani. Je, mtu anaweza kuvuna maganda na papo hapo kuuzuia mti usienee, au ni lazima achague moja?

Mpishi wa Nyika

Ndugu yangu, mama mkwe wako ana haki ya kuwa na tahadhari, lakini maganda yaliyoiva yanaliwa. Jamaa za mti huu zimelisha watu katika majangwa ya Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani tangu kale, na huko Peru hupikwa sharubati nzito ya rangi ya kahawia kutokana na maganda ya mti wa ukoo huohuo. Kinacholiwa ni ile nyama ya manjano inayozunguka mbegu, ambayo sukari yake kwa sehemu kubwa ni sukrosi, yaani ileile tunayotia kwenye chai, kwa hiyo mwenye kisukari asidhani kwamba amepata utamu usiohesabiwa. Majani usiyatumie kabisa. Hata mbuzi huyaacha, na ana sababu.

Anza kwa kuonja, kwa kuwa ladha hutofautiana sana kutoka mti mmoja hadi mwingine, hata kama imesimama ua mmoja. Chukua ganda lililogeuka manjano lote, livunje, utafune nyama ya nje na kutema mbegu. Ukiona utamu unafuatwa na ukakasi unaokausha ulimi, au uchungu unaobaki kooni, mti huo usiuvune kwa chakula. Hakuna upishi utakaouondoa uchungu huo, na unga wa mti mmoja mbaya huharibu gunia zima.

Chuma yale yaliyo bado mtini na ambayo hutoka kwa kuvutwa kidogo tu, na uyachume kabla ya mvua. Yale ya chini ndiyo ninayoyaogopa kuliko kitu kingine chochote katika jambo hili, kwa sababu ganda lenye sukari likilala juu ya udongo wenye unyevu hushika ukungu haraka, na ukungu wa namna fulani huacha aflatoksini, ile sumukuvu inayoharibu mahindi, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kama ni lazima uokote, tandika turubai chini ya mti, utikise tawi, na uokote siku hiyohiyo. Ganda lenye madoa meusi au harufu ya kuvunda litupwe motoni. Matundu madogo ya mviringo ni ya fukusi waliokwisha kutoka. Hayo hayana sumu, ila yanakuonyesha kwamba ukichelewa kusaga watakumalizia. Miti iliyo karibu na josho la mifugo, kandokando ya barabara kuu, au palipopulizwa dawa, iache.

Kukausha ndiko kunakoamua kama utapata unga au utapata gundi. Anika maganda juani juu ya turubai au mabati safi, uyageuze, na jioni uyaingize ndani, kwani sukari yake hunyonya unyevu wa usiku. Ganda lililokauka barabara hukatika kwa mlio ukilipinda. Likijikunja kama ngozi, lirudishe juani. Ukienda nayo kwenye mashine ya kusaga yakiwa na unyevu hata kidogo, chujio litaziba, na mwenye mashine hatakukubalia tena. Nenda mchana jua likiwa kali, mwombe atumie chujio lenye matundu madogo, na baada yako asage mahindi makavu kidogo ili kusafisha mabaki yanayonata.

Unga wake una rangi ya dhahabu iliyofifia, na harufu inayokaribia ya sukari guru. Hauna gluteni, hivyo peke yake haushikani wala hauumuki. Mimi huchanganya kikombe kimoja cha unga wa mathenge na vikombe vinne vya ngano kwa chapati, na moto huwa wa chini kuliko kawaida kwa sababu sukari huungua mapema. Kwenye uji wa mtama au wimbi, vijiko viwili vitatu katika sufuria ya familia vinatosha kuufanya mtamu bila kutia sukari. Anayeanza ale kidogo kwanza, hasa kama ana mzio wa njugu au vyakula vingine vya jamii ya kunde, maana mathenge ni wa jamii hiyo. Unga uhifadhi katika chombo kinachofunga vizuri. Ukiuacha wazi utagandamana uwe jiwe.

Mwanamisitu Mstaafu

Nimesoma maelezo ya Mpishi na sina la kupinga kuhusu upishi. Naomba nizungumzie swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo la kwanza.

Mti huu, Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika ya Kati, Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, katika miaka ya 1970 kufufua machimbo yaliyoachwa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaletwa Baringo kwa mradi ulioungwa mkono na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa nia njema kabisa ya kuwapatia watu kuni na kuzuia mmomonyoko. Nia hiyo njema haikuuzuia kuteka malisho ya nyanda za Ziwa Baringo. Mwaka wa 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani awe ushahidi; mwaka wa 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari nchini Kenya. Anayekaa Marigat hahitaji kuambiwa jinsi kichaka chake kinavyofunga njia ya mifugo, wala jinsi mwiba wake unavyopenya soli ya kiatu na gurudumu la baiskeli.

Hofu yangu ni hii: ganda likigeuka kitoweo au biashara, mti hupata mlinzi. Nimesikia kwa miaka mingi kwamba tutaushinda mathenge kwa kuutumia, kwa mkaa, nguzo, asali na unga, na matumizi hayo yote ni ya kweli na yamewaingizia watu riziki. Lakini anayekata matawi kwa ajili ya mkaa na kuacha kisiki, anapata machipukizi mengi zaidi ya shina alilolikata, na baada ya muda mfupi pale palipokuwa na mti mmoja unaopitika chini yake pana kichaka kisichopitika. Matumizi yanapunguza mathenge pale tu anayetumia anapoamua tangu mwanzo kwamba anautaka upungue.

Ndugu Mkazi, kama miti hiyo miwili unaihitaji kwa kivuli, ibakize hiyo tu, uihesabu kuwa ni deni, na deni hilo ulilipe kila msimu kwa kutoacha ganda hata moja chini. Mche mdogo ung'oe kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kabla mzizi wake haujashuka. Uliokwisha kuwa na shina la unene wa kidole gumba usiukate kwa panga. Chimba kwa sururu, ukate mzizi mkuu kiasi cha sentimita 30 chini ya ardhi, kwa kuwa macho ya kuchipuka yamo kwenye shingo ya mzizi iliyofichika udongoni. Ukikata juu ya hapo, umepogoa tu.

Mfugaji wa Tana

Kuhusu mbuzi, naongeza ninayoyajua, kwa sababu huku kwetu Tana River mathenge tunao kwa wingi na mifugo imeula katika kila kiangazi.

Maganda ni lishe yenye nguvu, na mwaka wa ukame yameokoa mifugo mingi. Madhara huja yanapokuwa chakula cha pekee kwa muda mrefu. Sukari na nyuzi hukwama katikati ya meno na ufizi, meno huoza na kulegea, na hapo ndipo ilipotoka habari ya mbuzi vibogoyo. Kuna ugonjwa mwingine ambao wengi hawautofautishi na huo: alkaloidi, yaani kemikali za asili zilizomo katika ganda, hudhuru mishipa ya fahamu inayoendesha taya, na mnyama huanza kutafuna upande mmoja, ulimi ukining'inia na mate yakimtoka, akikonda ilhali chakula kipo mbele yake. Ukiona kichwa kimeinama upande wakati wa kucheua, ondoa maganda kabisa siku hiyo na umwite daktari wa mifugo. Usingoje uone kama atapona mwenyewe.

Sisi husaga maganda na kuyachanganya na nyasi kavu na lishe nyingine, tukihakikisha kwamba hayazidi moja ya tano ya chakula cha mnyama. Faida ya kusaga si meno tu. Mbuzi anayekula ganda zima humeza mbegu, na mbegu hizo hupita tumboni zikiwa nzima, ngozi yake ngumu ya nje ikiwa imelainishwa, kisha zinatua ardhini ndani ya samadi yenye rutuba na unyevu. Nahisi kwamba ile miche katika shamba la mboga haikuletwa na upepo. Je, samadi ya zizi lako unaitumia shambani?

Mkazi wa Marigat

Ndiyo, tunaitumia, na sasa naelewa kwa nini miche imejipanga kwenye matuta ya sukuma wiki na si mahali pengine. Nitawafungia mbuzi mbali na miti hiyo kuanzia leo. Nina swali dogo lililobaki kwa Mpishi: mashine ya kusaga iko mbali nasi. Je, naweza kutwanga kwa kinu, au kuchemsha maganda kwa sharubati uliyoitaja?

Mpishi wa Nyika

Njia zote mbili zinafaa kwa chakula, lakini zote zinakuachia mbegu mkononi, na hapo ndipo ninapoungana na Mwanamisitu.

Ukitwanga, nyama ya ganda hupondeka vizuri na unaweza kuichekecha upate unga laini. Mbegu hazipondeki. Vunja ganda moja uangalie: kila mbegu imefungwa peke yake ndani ya kijumba kigumu cha rangi ya maziwa, na ukikipasua kijumba hicho kwa jiwe unakuta mbegu ya kahawia inayong'aa, ndogo, ngumu kiasi cha kuteleza chini ya mchi bila kupata hata ufa. Makapi yote yanayobaki kwenye chekeche yana mbegu hai. Yachome siku hiyohiyo, au yakusanye kwenye gunia lisilo na tundu mpaka utakapofika kwenye mashine, ambayo huzivunja.

Kwa sharubati, osha maganda makavu, uyakatekate, uyafunike kwa maji na uyachemshe kwa moto mdogo mpaka yalainike. Yaponde ndani ya maji hayohayo, chuja kwa kitambaa safi, kisha urudishe maji matamu jikoni bila mfuniko mpaka yawe mazito na kubadilika rangi kuwa kahawia iliyokolea. Dakika za mwisho usiondoke, kwani huungua ghafla. Mabaki ya kitambaani ndiyo ya kuangaliwa zaidi kuliko makapi ya kinu. Watu hudhani kwamba kilichochemshwa kimekufa, ilhali wenye vitalu vya miche hutumia maji moto kwa makusudi ili kuamsha mbegu ngumu za namna hii. Zilizopata joto la kutosha zitakufa, ila zile zilizopata joto kidogo zitaota upesi kuliko ambazo hazikuguswa. Usizitupe kwenye lundo la mboji wala usiwape kuku. Anika mabaki yakauke, kisha uyatie motoni chini ya sufuria inayofuata.

Na samadi iliyokwisha kukusanyika zizini usiipeleke shambani msimu huu. Ilundike mahali pamoja, uimwagie maji, uiache miche iote hapo juu ya lundo ambako kuing'oa ni rahisi, ugeuze lundo ili mbegu za ndani nazo zije juu, na urudie hivyo mpaka uone hakuna kinachoota tena.

Mwanamisitu Mstaafu

Naongeza moja tu kuhusu mashine ya mbali. Gunia la maganda mazima likipasuka njiani, linapanda mathenge kandokando ya barabara yote hiyo. Funga maganda katika magunia mawili, moja ndani ya jingine, na kama mashine iko katika eneo ambalo mti huu bado haujafika, usiyapeleke huko. Ni afadhali utwange nyumbani na kuchoma makapi.