Naomba ushauri: membreni za UF (vichujio laini sana vya maji) zinaziba kila mwani ukitanda

Wakuu, salaam. Nawaomba mnaotibu maji ya Ziwa Victoria, hasa Ghuba ya Winam. Membreni zetu ni nyuzi za PVDF (aina ya plastiki). Microcystis (mwani wa kijani-buluu wenye sumu) ikitanda, tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za membreni hupanda kutoka baa 0.3 hadi 0.9 ndani ya siku mbili, na kuosha kwa kurudisha maji nyuma hakusaidii. Asidi ya sitriki haikugusa kitu (ni ute, si chokaa). Haipokloraiti (dawa ya klorini) 200 mg/l yenye kostiki (alkali kali), pH 11, husafisha, ila ute unarudi upesi. Klorini ya awali tumeizima, maana hupasua seli zikamwaga ute na sumu. Shabu ya kugandisha uchafu kabla ya kuchuja ni 30 mg/l. Maji ghafi yana pH 8.6.

Je, nishushe pH hadi 6.5 kwa asidi kabla ya shabu, au niongeze shabu tu? Na kwa pH 11, PVDF inavumilia kulowekwa saa ngapi?